Yaya

"Umekaa nchini miaka mingapi, mama?"

"Ishirini na mitano," nikajibu, bila hata kufikiri.

Afisa ustawi wa jamii aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akaitazama pasipoti yangu iliyolala mezani, ile ya rangi ya damu ya mzee, kisha akanitazama usoni. Dakika tano kabla ya hapo tulikuwa tumeamkiana vizuri tu, akanitania kwamba sisi watu wa Tanga tunaongea kama tunaimba. Sasa alionekana kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia mgeni wake kuwa amekalia kiti cha mwenyeji.

"Namaanisha mfululizo. Tangu urudi. Tangu upate kibali cha kuishi."

"Miezi minane."

Akaandika. Ilikuwa Mei 2014, jijini Mwanza.

Nilizaliwa Tanga mwaka 1973, nikaondoka 1998 kwenda Uingereza kusomea uuguzi. Nikaishia Reading, mji ambao hukosi kukutana na Mtanzania, nikafanya kazi wodini zamu za usiku, nikaolewa, nikaachika. Mimba nne ziliharibika. Hilo nalitaja mara moja ili lisibaki likining'inia, sitalirudia. Mwaka 2006 nikachukua uraia wa Uingereza kwa sababu zilezile za wengi: visa, safari, foleni. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo nilipokula kile kiapo kwa Malkia, uraia wa Tanzania ulinitoka. Nilikuwa nalijua hilo, ila nalijua kama ujuavyo uzito wa mzigo uliobebwa na mwenzako.

Pale mezani ndipo uliponishukia begani mwangu. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, inamtaka asiye raia awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuasili, na awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii. Mimi niliyekuwa nimekuja na mpango wa kumaliza kila kitu ndani ya mwaka mmoja, niliambiwa nirudi baada ya miaka miwili na ushee.

Nilitoka pale nimefura. Nakumbuka nilimpigia mdogo wangu simu nikiwa bado kwenye ngazi, nikamwambia, "Eti mimi na Mjerumani aliyeshuka jana na ndege tumewekwa kapu moja." Akacheka. Alisema, "Dada, si ulikula kiapo?"

Lazima niseme nilikuwa nimepanga nini, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayana maana. Kule Reading nilikuwa na majirani, mke na mume, walioasili mtoto kutoka nchi ya mbali. Walikuwa watu wema. Walijifunza kupika vyakula vya kwao mtoto, walitundika ukutani picha za nchi yake, walisherehekea sikukuu zake kwa tarehe sahihi. Nilimwona yule binti akikua, na alipofika miaka kumi na minne nikamwona akizichukia zile picha. Aliwahi kuniambia jikoni kwangu kwamba nyumbani kwao nchi yake imekuwa kama somo la shule, na mwalimu hajawahi kufika huko.

Nikajiambia: mimi hilo halitanikuta. Nitaasili Mtanzania mwenzangu. Lugha moja, rangi moja, nywele nazijua, nyimbo za kubembeleza ninazo. Mtoto wangu hatapoteza kitu chochote. Hayo ndiyo niliyorudi nayo mwaka 2013, pamoja na masanduku mawili na mkataba wa kazi katika mradi wa afya ya mama na mtoto Kanda ya Ziwa.

Katika ile miaka ya kusubiri nilitafutwa na watu wawili wenye njia ya mkato. Wa kwanza nilimfukuza mlangoni. Wa pili alikuwa mama mtu mzima, wa heshima zake, tuliyefahamiana kazini. Alikuja jioni na habari ya binti mwenye mimba ya miezi saba ambaye kwao hawamtaki. Mtoto akizaliwa, alisema, ataandikwa kwa jina langu moja kwa moja kwenye tangazo la kizazi, kana kwamba nimejifungua mwenyewe. Binti atapewa kifuta jasho cha milioni mbili, na mambo yameisha. Hakuna mahakama, hakuna kuhesabiwa miaka.

Nisidanganye, nililala na wazo lile usiku mzima. Asubuhi nilimpigia nikamwambia hapana, na nikamkumbusha kuwa kuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008 na kwamba sisi wawili tungeweza kufungwa. Alikata simu. Lakini sheria haikuwa ndiyo iliyoniamsha. Kilichoniamsha ni kwamba katika maelezo yote ya jana yake, dakika arobaini za maelezo, hakuna mahali yule binti aliposemwa anataka nini. Mpaka leo sijui alijifungulia wapi. Na tangu siku hiyo sijaisema vibaya tena ile miaka mitatu, maana nimeona ingekuwaje kama isingekuwepo.

Ukaguzi wa nyumba haukuwa wa kutisha kama watu wanavyousimulia. Afisa aliangalia chumba, kitanda, choo, tangi la maji. Akauliza mshahara, akauliza afya, akaomba barua ya serikali ya mtaa na uthibitisho wa polisi kwamba sina rekodi ya uhalifu, wa huku na wa kule Uingereza. Wa kule ulichukua muda mrefu kuliko wa hapa. Swali lililonikwamisha lilikuwa moja: "Ukifa kesho, nani atamlea?" Nilisema mdogo wangu. Akauliza kama mdogo wangu anajua. Hakuwa anajua.

Ndipo nikasafiri kwenda Tanga kuzungumza na ukoo, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kugonga mlango wa ofisi yoyote. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Aliyebaki kuwa mkubwa wetu ni mjomba, kaka yake mama, mwalimu wa madrasa kwa miaka yote niliyomjua. Nikampa shikamoo, nikaketi mkekani, nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, na alipoanza kuzungumza alianza na Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5: waiteni watoto hao kwa baba zao, na msipowajua baba zao, basi ni ndugu zenu katika dini.

"Kulea ni ibada, mwanangu," akasema. "Ila usimwandike binti wa mtu asiyemzaa. Na urithi wetu hautamfikia kwa njia ya fungu. Ukitaka apate, mpe hiba ungali hai, au mwandikie wasia usiozidi theluthi. Na akibaleghe atajistiri mbele ya kaka zako, kwa sababu si wajomba zake wa damu."

Nilisikia kama nimepigwa kofi. Nilidhani namletea mjukuu, yeye ananipigia hesabu za theluthi. Nikamjibu, kwa sauti ambayo mtu hamjibu nayo mjomba wake, kwamba mtoto mwenyewe ameokotwa, hana baba wala mama wala asili, sasa hayo ya baba zao yanamhusu nini?

Mjomba hakukasirika. Alisema, "Asili anayo. Imepotea tu. Kilichopotea si sawa na kisichokuwepo."

Niliiona kama ubishi wa mtu mzima. Usiku ule nilimlalamikia mdogo wangu wee, naye akaniambia kitu kimoja cha maana, kwamba angalau mjomba hajasema nisimlete.

Mtoto sikumchagua mimi. Hilo watu hawaliamini. Wanadhani unaingia kwenye makao ya watoto, unapita kitanda hadi kitanda, mmoja anakukamata kidole na moyo unasema ni huyu. Mimi niliitwa ofisini Septemba 2016, siku chache baada ya miaka mitatu kutimia, nikasomewa taarifa. Mtoto wa kike. Alikutwa peke yake jioni mnada ulipokuwa unafungwa, katika wilaya moja ya jirani. Akina mama waliokuwa wanauza chakula pale walimpeleka polisi, wakampa na jina, la Kisukuma, ambalo silitaji hapa kwa kuwa ni lake. Ndugu walitafutwa, hakuna aliyejitokeza. Umri wake daktari aliukadiria kwa meno: miaka miwili na kidogo. Akapewa tarehe ya kuzaliwa 1 Julai 2014, kwa sababu fomu haipokei nafasi tupu.

Nilikwenda kumwona kila Jumamosi kwa miezi miwili. Jumamosi ya kwanza alinipa mgongo. Ya pili akanipa mgongo. Ya tatu aliniletea kiatu kimoja, akakaa pembeni yangu, akanipa mgongo. Novemba nilimchukua kwa malezi ya kambo, barua mkononi, na mfuko mdogo wenye magauni mawili.

Alikuwa haongei. Walezi walinieleza kuwa anaelewa Kiswahili, ila mwenyewe anasema maneno machache sana, matano hivi, na mengine hawayajui. Sikutia shaka. Watoto waliopitia mengi huchelewa kuongea, nimewaona wengi kazini.

Neno aliloanza nalo nyumbani kwangu lilikuwa "yaya". Alilisema siku ya pili, bafuni, nilipomkaribisha kwenye beseni. "Yaya." Nikamwambia, "Yaya hayupo, mwanangu, yupo mama." Akalirudia kwa nguvu, analia. Nikaona mantiki yake: amelelewa na akina mama wa makao mwaka wake mzima wa kumbukumbu, anamtaka mlezi wake. Ilinikata maini, lakini vitabu vyote vinasema hiyo ni dalili njema, mtoto aliyeshikamana na mtu mmoja ataweza kushikamana na mwingine. Nikawa namjibu kwa upole kila mara. Nikimvalisha sweta, "yaya". Yaya tutamsalimia Jumamosi. Nikimpa uji, "yaya", anageuza uso. Yaya anakusalimia. Nikimbeba kumpeleka kitandani, "yaya, yaya, yaya", amekakamaa kama ubao mikononi mwangu. Hata nilimwomba mlezi mmoja wa makao aje kumtembelea. Alikuja, mtoto akamtazama tu, akaendelea kuchezea vifuniko vya sufuria. Tukashangaa wote wawili.

Siku ya kumi na saba alikuja mama anayeniletea maziwa, Msukuma wa Magu, akanikuta mlangoni napambana kumvalisha mtoto viatu. "Yaya!" analia. Namwambia, "Yaya yuko kazini."

Mama wa maziwa akaweka kidumu chini. "Yaya gani?"

"Anamlilia mlezi wake."

"Mayu," akaniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua acheke au asikitike, "huyu hamlilii mtu. Anasema hapana. Kwetu *yaya* ni hapana. Hataki viatu."

Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka ishirini. Nimewapa watu habari za misiba. Sijawahi kukaa chini kwenye kizingiti cha mlango wangu kama nilivyokaa asubuhi ile. Siku kumi na saba mtoto amesimama mbele yangu anasema hapana kwa lugha yake iliyo wazi kabisa, na mimi, mwenye lugha moja naye, rangi moja, nywele nazijua, namjibu habari za mtu ambaye hakumtaja.

Nikamvua kile kiatu kimoja. Akanyamaza papo hapo. Akanitazama muda mrefu.

Kutoka Tanga hadi Mwanza umeivuka nchi kutoka bahari hadi ziwa. Tuna makabila zaidi ya 120. Niliyajua hayo tangu darasa la tatu, kila Mtanzania anayajua, ila ukikaa ughaibuni miaka mingi nchi inajikunja inakuwa kitu kidogo cha kubeba. Kule Reading sote tulikuwa "wa nyumbani", Mhaya, Mdigo, Mnyakyusa, tunacheka vichekesho vilevile. Nikaja kuamini kwamba nyumbani ni mahali pamoja. Binti yangu hakuwa ametoka mahali nilipotoka mimi. Nilimchukua kutoka kwake nikamleta kwangu, kama majirani zangu walivyofanya, tofauti ni kwamba wao walijua.

Nikamwomba mama wa maziwa awe anakaa nusu saa kila asubuhi. Nilitaka kumlipa, akakataa, tukaelewana kwa sukari na sabuni. Alikuwa anamsalimia "mwangaluka" kama mtu mzima, anamwonyesha maji anasema "minzi", akipewa kitu anamfundisha kusema "wabeja". Siku za mwanzo mtoto alimkodolea macho tu. Kisha asubuhi moja, nikiwa jikoni, nikasikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia, kinene, cha tumboni. Nilipochungulia alikuwa amelala chali kwenye mapaja ya mama wa maziwa, anapiga miguu hewani.

Niliona wivu, na si wivu wa mzaha. Niliwaza kumwambia mama wa maziwa kwamba tumepata maziwa ya paketi. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, na naliandika hapa kwa sababu katika semina zote za wazazi wanaoasili nilizopitia hakuna aliyeniambia kuwa litakuja, na kwamba litakuja kwa mavazi ya busara: mtoto anachanganywa lugha, mtoto anahitaji utulivu, mtoto anahitaji mama mmoja. Afisa ustawi alipokuja kutukagua mwezi wa pili nilimweleza. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema, "Usimwondoe." Basi. Hakuongeza neno.

Nilichofanya ni kukaa nao. Na mimi nikajifunza. Nilikuwa mwanafunzi mbovu, binti yangu akawa ananisahihisha kabla hajajua kusema sentensi nzima ya Kiswahili. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kuwa mtu na mama yake: siku alipogundua kuwa kuna kitu anakijua mimi sikijui.

Na niliacha kumjibu "yaya" kwa maneno. Akisema yaya, nasimama. Kama ni dawa, nampa sababu, kisha nampa dawa. Kama ni sweta tu, sweta linarudi kabatini. Inaonekana jambo dogo. Lakini mtoto huyu hakuulizwa kama anataka kuachwa mnadani, hakuulizwa makao, hakuulizwa mimi. Hapana yake ilikuwa mali pekee aliyokuja nayo ukiacha yale magauni mawili.

Mahakama Kuu ilitusikiliza Machi 2018. Mambo ya kuasili husikilizwa faragha, kwa hiyo hakukuwa na kizimba wala watazamaji, ilikuwa ofisi ya jaji, wakili wangu, afisa ustawi na sisi. Mwenye siku yake alikuwa chini ya meza, amepata kalamu ya wakili. Nilijiandaa kwa maswali ya fedha na uraia. Jaji aliuliza hayo, haraka haraka, yote yalikuwa kwenye faili. Kisha akafunga faili akauliza, "Akikua akitaka kujua alikotoka, utamwambia nini?"

Miaka minne nyuma ningemjibu kwamba ametoka Tanzania kama mimi. Nikamwambia nina nakala ya taarifa ya siku aliyookotwa. Nina picha ya ule mnada, nilikwenda mwenyewe kuipiga. Niliwatafuta wale akina mama wa chakula, wawili nikawapata, na mmoja alinisimulia mtoto alikuwa amevaa nini, na kwamba alikuwa ameshika kipande cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na hakutaka kukiachia. Alikuwa amenona, alisema. Alikuwa amepakwa mafuta. Mtu alikuwa amempaka mafuta asubuhi ile. Jaji hakusema kitu. Aliandika kwa muda.

Amri ikatoka, jina likaingizwa kwenye daftari la watoto walioasiliwa, na baadaye nikapata cheti kipya. Mama: jina langu. Nilikisoma nikiwa nimesimama nje, juani, na pamoja na furaha yangu yote kuna kitu kilinikaa vibaya. Aliyempaka mafuta hayumo. Nilikumbuka ule mkeka wa Tanga. Nilimpigia mjomba simu, nikamwambia jina la mtoto nimeliacha lilelile alilopewa mnadani, na la pili ni la ukoo wetu, sikuandika binti wa fulani. "Mwenyezi Mungu akulipe," akasema, kisha akauliza kama mtoto anakula vizuri, na kwamba kuna gauni amemshonea kwa makisio ya umri, nimpe vipimo. Cheti nakiweka bahasha moja na taarifa ya polisi. Kwangu ni karatasi mbili za kitu kimoja.

Mwaka 2019 nilimpeleka Reading akaone nilikoishi. Tuliporudi, pale uwanja wa Julius Nyerere, foleni zilikuwa mbili. Yeye ana pasipoti ya Tanzania, ya bluu. Mimi nina ile yangu. Alisoma kibao herufi kwa herufi, ndiyo kwanza anajifunza kusoma, akanishika mkono na kunivuta upande wa wananchi. Nikamwambia mimi foleni yangu ile pale. Akatazama upande ule, akatazama pasipoti zetu, akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye mgeni wangu?"

Afisa wa uhamiaji alimsikia, akacheka, akatuita wote dirishani kwake. Aliomba amri ya mahakama, nikampa. Huwa sisafiri bila hiyo. Akagonga mihuri. Kwa binti yangu alisema, "Karibu nyumbani." Kwangu alisema, "Karibu Tanzania, mama." Najua hakuwa na maana yoyote. Nimeyakumbuka hata hivyo.

Kuna maswali sina majibu yake. Kwamba yeye ni Msukuma tumelikisia kwa maneno matano. Huenda mama yake alikuwa Mkerewe aliyeolewa Usukumani, huenda walikuwa wapita njia. Dini yao hatuijui. Wakati fulani darasa la pili alirudi analia kwa sababu mtoto mwenzake alimwambia "uliokotwa". Nilimwuliza alijibu nini. Alisema alimjibu ndiyo, mnadani, na mwenzake akanyamaza, na alichokuwa analilia ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyetaka kucheza naye kombolela. Nilikuwa nimemwandalia majibu ya maswali yote isipokuwa hilo la kombolela. Tulicheza wawili, nyuma ya nyumba, hadi giza.

Mwaka jana Idi tulikuwa Tanga. Mjomba sasa hasikii vizuri na macho yamepungua. Binti yangu amekuwa mrefu, mwenye kujitia mambo ya kikubwa, na anaketi karibu na babu yake kuliko wajukuu wote kwa sababu babu anamsimulia hadithi moja mara tatu na haoni tabu. Wali ulipakuliwa. Mjomba, kama kawaida yake, akawa anamwongezea nyama kwenye sahani, kipande juu ya kipande.

"Yaya, babu," akasema, amefunika sahani kwa kiganja.

Mjomba akageuza sikio. Akanitazama mimi. "Anamtaka nani?"

Watu wote mkekani wakanigeukia. Nikanyamaza, nikamwachia mwenyewe amjibu.